Sauti Chini ya Kinu

Katika nyumba yangu hakuna anayesema kwa sauti. Mgeni akiingia hudhani kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Wajukuu wangu wameombana chumvi kwa kunong'ona tangu walipojua kusema, na huyu wa kike anayeyapokea maneno haya, alipoanza shule, mwalimu wake aliniita akaniuliza kama mtoto ana ugonjwa wa koo. Nilimjibu kwamba koo lake ni zima na kwamba amelelewa.

Nyumba zetu hapa Goma ni za mbao, zimesimama juu ya makoro, yale mawe meusi ambayo moto wa mlima huyaacha ukishapoa. Jirani akikohoa, wewe ndiye unayeamka. Nyumba yangu ya kwanza ilikwisha siku mlima uliposhuka mjini. Siku hiyo sikuuona moto kwanza, niliusikia. Mabati ya nyumba za juu yalikuwa yakilia kama mtu anayekunja kitu kikubwa asichokiweza, kisha kukawa na mvumo wa chini ambao haukuwa wa gari wala wa ngurumo. Niliweka kiganja sakafuni, nikainuka, nikawatoa watoto wangu nje bila kubeba hata sufuria. Waliokaa wakibishana kama ni moto au ni mabomu ya waasi walitoka wakiwa wamechelewa. Tangu siku ile nimeyaamini masikio yangu kuliko macho, na nimeyaogopa masikio ya wengine kuliko bunduki.

Nieleze sababu. Lugha niliyonyonya kwa mama yangu ni Kinyarwanda cha milima ya Rutshuru, na wengi mjini huihesabu kuwa lugha ya waasi. Kila vita vilipokaribia mji, kulikuwa na watu waliosimama karibu na mbao zetu ili wajue tunasali kwa lugha gani. Na kila mara waasi walipoingia, kulikuwa na wengine waliosimama pale pale ili wajue tumemficha nani. Wenye bunduki walibadilika. Sikio kwenye mbao lilibaki mahali pake.

Ndiyo maana tulikuwa na desturi ya kinu. Niliipokea kwa mama mkwe wangu, na yeye aliileta kutoka kwao Masisi. Ukiwa na neno ambalo halipaswi kutoka nyumbani, hulisemi ukiwa umekaa. Unaleta sombe, majani ya muhogo, unayaweka kwenye kinu, unamwita yule unayetaka kusema naye ashike mchi wa pili, mnatwanga kwa zamu. Neno linasemwa mchi unapogonga, si unapopanda. Mchi wako unagonga, mimi nasema. Mchi wangu unagonga, wewe unajibu. Aliye nje ya mbao anasikia wanawake wanatayarisha chakula. Kwa njia hiyo tulipanga safari, tulitaja wafu ambao hatukuruhusiwa kuwalia, na mara moja tuliamua ndoa. Mtu akitaka ushauri wangu siku ambayo sokoni hakuna sombe, alisubiri.

Jirani yangu mmoja, mama mwenye mdomo mrefu, aliwahi kunipigia kelele juu ya ua: "Mama, kwenu munakula sombe kila siku, si mutageuka majani?"

"Tukigeuka majani," nilimjibu, "wewe utakuwa mbuzi wa kwanza kuja."

Alicheka, nami nikacheka, na mchi ukaendelea kugonga. Hakuna vita, katika vyote nilivyovipitia, ambavyo vilitoa neno kwenye kinu changu.

Sasa niseme habari ya mashine.

Mjukuu wangu huyu ni binti wa binti yangu, aliyefariki zamani. Alisoma mambo ya kompyuta, na katika vita hivi vya karibuni, kazi zilipofungwa, aliweka mashine yake juu ya meza yetu ya kulia akaanza kupokea matangazo ya radio. Mtu aliyefiwa, mtu aliyepotelewa na mtoto barabarani wakati wa kukimbia, alikuja kwetu, akakaa mbele ya maikrofoni ndogo yenye shingo, akasema tangazo lake. Binti aliyakusanya matangazo kwenye ufunguo, kile kipande kidogo cha kuwekea sauti ambacho wengine hukiita flashi, akakituma kwa fundi mmoja kule Ndosho aliyeyaunganisha na kuyapeleka radioni. Umeme ulikuwa haba na betri ilikuwa ya kugombaniwa. Kwa hiyo hakutaka mashine irekodi kimya. Aliipanga iwe inalala, isikie sauti, iamke yenyewe, irekodi, na sauti ikikatika ilale tena.

Katika saa ambazo hapakuwa na watu alinitaka nami nikae hapo, nisimulie maisha yangu ili watoto watakaozaliwa wayajue. Nilikubali kwa sharti kwamba asinikatize. Nikasimulia muda mrefu. Alipotaka kunisikilizisha, hapakuwa na kitu. Palikuwa na kikohozi changu, kishindo cha kikombe, na vipande vya maneno visivyo na mwanzo.

"Koko," aliniambia, maana bibi huitwa hivyo hapa, "mashine haikusikii. Ongeza sauti kidogo tu."

"Sitaongeza."

"Basi italala kila ukisema."

"Mimi nina umri gani, nayo mashine hiyo ina umri gani? Nani amfuate mwenzake?"

Alinionyesha kwenye kioo. Kulikuwa na utepe wa kijani uliopanda na kushuka nilipokuwa nikisema, na juu yake mstari mwekundu. Mstari huo, alisema, ni kizingiti. Sauti ikikivuka, mashine inaamka. Ikibaki chini yake, mashine inahesabu kwamba hakuna mtu. Utepe wangu ulikuwa ukitambaa chini ya mstari kama mtu anayepita chini ya dirisha la kituo cha askari. Nilipouona, nilijivunia. Sikumwambia.

Alifungua mahali pa ndani zaidi, kwenye programu ndogo aliyoiita piloti, ambayo ndiyo inayoiambia mashine jinsi ya kuitumia maikrofoni. Akakishusha kizingiti hadi karibu na sakafu. Akaiambia mashine isiwe na haraka ya kulala, kwa maana mimi hunyamaza katikati ya maneno. Sasa ilinisikia, lakini ilisikia na mtaa mzima: pikipiki, chukudu, zile baiskeli za mbao, zinazogonga makoro na mizigo yake, fundi wa mabati wa ng'ambo, jenereta la kinyozi. Sauti yangu ilikuwa imezama humo. Akafungua tena piloti, akawasha kitu kingine, akasema hicho kinasafisha kelele.

"Kinajuaje ipi ni kelele?" nilimuuliza.

"Kinapima, Koko. Sauti inayojirudia vile vile, kinaiondoa. Sauti ya mutu inabadilika-badilika, hiyo kinaibakisha."

Nilisikiliza majaribio. Jenereta halikuwepo. Nyundo ya mabati haikuwepo. Nilikuwepo mimi peke yangu, nanong'ona karibu na sikio langu mwenyewe, na nywele za mikono zilinisimama, kwa sababu tangu kuzaliwa sijawahi kujisikia nikiwa peke yangu namna ile. Nilimwambia inatosha, afunge. Mimi niliyetwanga miaka yote hiyo nilisikia kwa masikio haya kwamba nyundo imeondolewa, na sikukiwaza kinu changu kilichokuwa nyuma ya mlango.

Wakati huo mwanangu wa mwisho alikuwa amefichwa. Alikuwa dereva wa lori, na kabla ya mji kuingiliwa alikuwa amewabebea askari wa serikali magunia ya unga. Hakupewa nafasi ya kukataa. Walioingia walikuwa wakiwatafuta watu wa namna yake nyumba kwa nyumba. Wawili tuliowafahamu walichukuliwa kutoka kwenye viti vyao, na hadi leo ninaposema hakuna aliyeonyeshwa walipo. Mwanangu alikuwa analala nyuma ya magunia ya makala, makaa ya kupikia, katika ghala la mwanamke mmoja rafiki yangu, akingoja lori la maharagwe lirudi Bunagana ili apande katikati ya magunia matupu na kuvuka mpaka. Waliolijua hilo ni mke wake, mwenye ghala, mwenye lori, na mimi. Mjukuu wangu sikumwambia. Kijana akijua neno, uso wake unajua pia.

Asubuhi moja mke wa mwanangu alikuja na fungu la sombe kichwani. Nilipoliona fungu nilijua. Mjukuu alikuwa ameshika betri kubwa, anaipeleka kuchajiwa, na mashine ikabaki na kibetri chake cha ndani. Mashine ilikuwa mezani, kioo chake kimezimika, na mimi nilidhani mashine ambayo kioo chake ni cheusi imelala kama mtu alalavyo. Tulivuta kinu pale pale sebuleni, kwa sababu nje mvua ilikuwa inaanza. Mkwe wangu alishika mchi mmoja, mimi mwingine.

Tulisema yote. Alivyolala, alivyokuwa akikohoa kwa vumbi la makala, nani alikuwa anampelekea maji na ndani ya chombo gani. Lori litapita wapi, litasimama upande gani wa ghala, na ishara ya dereva ni nini. Nilitaja jina la mwenye ghala. Nilimwambia mkwe wangu amwambie mume wake asitoke hata akisikia sauti yangu inamwita, maana wangeweza kunileta mimi nimwite. Mchi uligonga, mvua ikapiga mabati, nami nilijiona nimejificha mara mbili.

Mjukuu alirudi mchana, akamkuta mama wa kwaya aliyekuja kutangaza kifo cha mume wake. Alimrekodi, akamfuta machozi, akahamisha kila kilichokuwa kwenye mashine akakiweka kwenye ufunguo, akampa mwenye pikipiki aliyezoea kuupeleka Ndosho. Hakusikiliza kwanza. Kibetri cha ndani kilikuwa kinakaribia kwisha, na mashine huzipa sauti majina yake yenyewe, yote yanafanana.

Baadaye, nikichambua mchele, nilimwona amevaa vile vitu vya masikioni ili apime kama kizingiti kimekaa vizuri. Mgongo wake ulinyooka. Alikaa hivyo. Kisha akageuka akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mama yake siku ya mlima.

"Koko," alisema, kwa sauti ndogo kuliko yangu, "mujomba iko kwa makala?"

Sahani ya mchele ilikuwa mapajani mwangu. Niliiweka chini polepole.

"Nani amekuambia?"

Alinivika vile vitu masikioni. Nikamsikia mkwe wangu, safi kabisa, kama amekaa kwenye bega langu. Nikajisikia mimi. Hapakuwa na mvua. Hapakuwa na kinu. Pale mchi ulipogonga palikuwa na shimo dogo la kimya, na ndani ya kila shimo lilikaa neno letu, limesafishwa, limeoshwa, tayari kwa yeyote. Kinu nilichofundishwa na mama mkwe wangu, kilichotuficha kwa majeshi yote yale, mashine ilikuwa imekihesabu kuwa takataka ikakitupa nje.

"Futa," nilimwambia.

"Hapa nitafuta. Lakini iko kwa ufunguo, Koko. Ufunguo uko Ndosho."

Simu hazikupita siku zile. Na hata zingepita, watu walisema zinasikilizwa. Fundi huyo hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na tabia ambayo kila mtu aliijua: alifungulia matangazo kwenye spika kubwa mlangoni mwake ili wapitao wajue kazi yake. Nilijifunga kitenge. Mjukuu akataka aende peke yake. Nilimwambia akae kimya na atangulie.

Pikipiki ilitufikisha karibu na kizuizi, ikakataa kuvuka. Tukashuka. Kwenye kamba kulikuwa na kijana mwenye bunduki, kofia imekaa upande, anakula mahindi ya kuchoma.

"Munaenda wapi, mama?"

Kabla sijafikiri, mjukuu alisema, "Kwa matanga, papa."

Ni jibu ambalo kila mtu wa mji huu analijua. Anayekwenda msibani huachwa apite. Hata mwenye bunduki ana kwao. Lakini huyu alikuwa na nafasi ya kuuliza.

"Nani amekufa?"

Mjukuu alinitazama. Kijana aliacha kutafuna.

"Mwanangu," nilisema.

Aliinua kamba. "Pole, mama."

Tulipita. Kwetu mtu mzima hatamki kifo cha aliye hai. Hata kwa hasira hutamki. Anayetamkiwa hivyo huwa kama ameachiwa mlango wazi nyuma yake, na njia moja tu ya kuufunga ni huyo huyo aliyetamkiwa kujibu kwa sauti yake mwenyewe akiitwa na aliyemtamkia. Mpaka ajibu, aliyetamka haogi wala hali chakula cha moto. Niliyajua hayo yote pale kizuizini, nikaendelea kutembea.

Spika ya fundi tuliisikia kabla ya kukiona kibanda chake. Ilikuwa ikisema tangazo la mama wa kwaya, sauti yake imejaa barabara. Watu walipita na mizigo yao, wengine wakipunguza mwendo. Kwenye benchi la fundi, ameegemea ubao, alikaa mwanamume mwenye bunduki magotini, akingoja simu yake ambayo fundi alikuwa ameifungua mgongo. Huyu hakuwa kijana. Alikuwa mtu wa makamo, na alikuwa anasikiliza matangazo kwa makini kama mtu ambaye hiyo ndiyo kazi yake.

Tangazo la mama wa kwaya likaisha. Fundi hakuinua kichwa. Mashine yake ikapita yenyewe kwenye sauti iliyofuata, na juu ya barabara ya Ndosho nikamsikia mkwe wangu.

"Mama, jana alilala vizuri kidogo."

Nilijua kinachofuata, kwa sababu kilichofuata nilikisema mimi. Ningeuliza kama kikohozi kimepungua. Mkwe wangu angejibu kuwa makala yanamkaba. Kisha mimi ningetaja jina la mwenye ghala. Mjukuu alikuwa ameganda. Angekimbilia mashine, mtu wa benchi angeuliza kwa nini. Angemwita fundi kwa ishara, fundi angeuliza kwa sauti, "Nini?"

Mtu akileta kilio mahali, radio inazimwa. Ni adabu ambayo sijaona mtu wa Goma akiikosa, si mlevi, si mwenye baa. Kwa hiyo nilianguka kwenye mlango wa fundi nikalia.

Sikuwa nimetoa sauti hiyo tangu siku ya mlima. Sikujua kama bado iko. Ilitoka kubwa, mbaya, ikanipasua kifua, na niliisikia ikigonga mbao za ng'ambo na kurudi. Nilimlilia mwanangu kwa jina. Nilimwita kitinda mimba wangu, nikamuuliza ananiacha na nani, nikasema maneno yote ambayo mama husema mwili ukiwa umelazwa ndani. Na kwa kuwa nilikuwa nikimwogopea kweli, machozi hayakuwa ya uongo. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba hayakuwa ya uongo.

Fundi aliruka, mkono wake ukaenda moja kwa moja kwenye mashine, akaizima. Barabara ikabaki na sauti yangu peke yake.

Mtu wa benchi alisimama. Alihamisha bunduki begani, akaja akasimama juu yangu.

"Mama, ni nani yako?"

Mjukuu alimjibu, "Ni mutoto wake, muzee."

"Alikuwa nani? Alikufa namna gani?"

Nililia bila kujibu kwa kadiri adabu inavyoruhusu. Aliinama. Niliona viatu vyake, matope mapya juu ya matope makavu. Alisema, bila hasira, "Umemwita jina. Nililisikia. Sema tena."

Nilimpa jina la baba yao, mume wangu, aliyelala kaburini kabla hata ya mlima. Majina hayo mawili hayafanani hata kidogo, na mtu huyu alikuwa msikilizaji. Viatu vyake havikusogea. Nilingoja. Niliweka kiganja kwenye makoro yaliyo mlangoni kwa fundi, kama siku ile, lakini ardhi haikuniambia kitu.

"Mungu amupokee," alisema mwishowe. Akachukua simu yake ikiwa bado imefunguliwa mgongo, akaondoka nayo. Mpaka leo sijui kama aliniamini, au alinihurumia, au alikwenda kumwambia mtu jina.

Fundi alifunga mlango wake mchana kweupe. Mjukuu alimwambia afute kila kitu kilichotoka kwetu siku hiyo, ila tangazo la mama wa kwaya. Aliketi, akafuta, akautoa ufunguo akaniwekea mkononi, akakunja vidole vyangu juu yake.

"Koko, mimi sikusikia kitu," alisema.

"Sikukuuliza," nilimjibu.

Jioni hiyo hiyo mkwe wangu alijua. Habari ya mama aliyelia Ndosho ilifika mtaani kwetu Mapendo kabla yetu, na wanawake wawili walikuwa wamekwisha kwenda kumpa pole. Alikuja kwangu hana kitambaa kichwani. Hakuleta sombe. Alisimama katikati ya sebule.

"Umemlilia mume wangu naye anapumua," alisema.

"Nimemlilia ili aendelee."

"Mama, wewe njo ulitufundisha hayatamkwi."

"Ndiyo. Kaa chini."

Hakukaa. Hakupaza sauti pia. Hata katika ghadhabu ile alikumbuka alipo. Nilimwambia kwamba ghala si mahali salama tena, amhamishe mumewe kabla giza halijaingia, na lori wasilingoje pale. Akaenda. Sikumwona tena mpaka mambo yalipokwisha.

Tukabaki tukingoja. Sikuoga. Nilikula mihogo baridi na kunywa maji. Mjukuu alikuwa ameizima mashine na kuifunika kwa kitenge kama ndege wa kufugwa, na kila pikipiki iliyopunguza mwendo mbele ya nyumba ilinikausha mate. Ardhi nayo ilikuwa imeanza kutikisika tena katika siku hizo, kidogo kidogo, vikombe vikigongana kabatini, na watu walisema mlima unageuka usingizini. Niliomba uendelee kulala. Niliomba kwa Kiswahili.

Siku aliyokuja mama mmoja mchuuzi wa maharagwe kutoka Bunagana, alijifanya kuniuzia. Alipoingia ndani alitoa simu kifuani. Mtu fulani, alisema, alimfikia upande ule wa mpaka akamwomba anipelekee sauti. Akaibonyeza. Tukasikia injini ya lori na mbao zinazogongana. Hakuna zaidi. Akaibonyeza tena. Injini.

"Alikuwa anasema," mchuuzi alisema. "Nilimwona mudomo unacheza."

Nilielewa. Nilikuwa nimemlea kunong'ona, na hata akiwa ng'ambo ya mpaka, akiwa huru, alinong'ona.

Nilikitoa kitenge juu ya mashine mwenyewe. Nilimwambia mjukuu afungue ile piloti yake. Aliilaza simu mbele ya maikrofoni. Utepe wa kijani ulipanda kwa injini na maneno hayakuwepo, kwa sababu kile kisafishaji kilichukulia lori kuwa kelele, na sauti ya mwanangu, iliyoungana na lori, ilikwenda nalo. Mjukuu akakizima kisafishaji. Akaondoa kizingiti kabisa. Akaongeza nguvu ya maikrofoni mpaka chumba kizima kikaingia: pumzi zetu, mchele unaochemka, nzi. Takataka yote ilirudi. Akanivika masikioni. Chini ya injini, chini ya mbao, mbali kama mtu aliye ndani ya kisima, kulikuwa na sauti.

"Mama, nimefika."

Nilimwambia arudie. Nilisikiliza mpaka masikio yakauma. Kisha nikasema jina lake, mara moja, kama inavyotakiwa, na mjukuu akarudia tena ile sauti ili iwe jibu.

Kama hilo linahesabiwa kuwa kujibu, sijui. Wazee waliotuachia desturi hiyo hawakuwa na mashine, na sina wa kumuuliza. Nilioga. Nilikula chakula cha moto. Mkwe wangu alimfuata mumewe baadaye, na wako huko. Kila nikisikia simu inalia nafikiri ni yule mtu wa benchi amelipata jina. Mwanangu ameniomba mara nyingi, kwa watu wanaovuka mpaka, aongee nami kwa simu, nimsikie anapoitika. Nami ningetaka niite naye aitike, tuufunge ule mlango. Lakini ningelazimika kulitamka jina lake ndani ya mashine, na sijaamini bado.

Haya ninayoyasema leo nayasema mbele ya maikrofoni ile ile. Mjukuu ameipanga upya kwa amri yangu. Haiamki tena kwa kusikia. Inasikia tu pale anapoweka kidole, na akiondoa ni kiziwi. Nimeketi mahali ninapokiona kidole hicho. Nje mkwe mwingine wa nyumba amekwisha weka majani kwenye kinu, na najua ana neno la kuniambia, maana sombe tulikula jana.

Mjukuu wangu, ondoa kidole.